Diski moja, `lsblk` inaonyesha nne: namna ya kuipa jina diski ya njia nyingi (multipath) kwenye Linux

Swali hili halikauki. Fundi anafunga storeji mpya (kifaa cha kuhifadhia data kilicho nje ya seva), iwe Mbeya mjini, Mafinga au Makambako, anatengeneza diski moja ya TB 2, anaiunganisha na seva, anaandika `lsblk` (amri ya kuorodhesha diski), kisha anakuta diski nne zenye ukubwa uleule: sdb, sdc, sdd na sde. Ujumbe unafuata muda si mrefu: "Kaka, niformati ipi?"

Jibu ni hata moja. Na kama tayari umeshaformati sdb na kuiweka kwenye fstab (faili la diski zinazofunguliwa seva ikiwaka), simama hapo hapo, usome kwanza.

Kerneli ya Linux (moyo wa mfumo), ikikutana na diski ya SCSI (lugha ambayo diski nyingi za storeji huzungumza na seva), haijiulizi kama diski hiyo imeshaiona kupitia mlango mwingine. Seva yako ina milango miwili, storeji ina kontrola mbili, na kila mlango unazifikia kontrola zote mbili. Hizo ni njia nne, hivyo kerneli inaandikisha vifaa vinne. Herufi za sd hutolewa kwa jinsi vifaa vinavyojitokeza, kama namba ya foleni hospitalini: leo umewahi, wewe ni wa tatu, kesho umechelewa, wewe ni wa ishirini, lakini namba ya faili lako ni ileile. Namba ya faili ya diski inaitwa WWID. Storeji yenyewe ndiyo inayoitoa, na kila njia ikiulizwa hujibu namba ileile.

Juu ya vifaa hivyo vinne, sehemu ya kerneli iitwayo device-mapper inajenga kifaa cha tano, dm-0 kwa mfano, kinachozikusanya njia zote. Programu ya `multipathd` ndiyo inayosoma WWID na kuiambia kerneli ni sd zipi ziko chini ya dm ipi. Nadharia inaishia hapo. Kazi yako ni kuhakikisha kifaa hicho cha tano kina jina lisiloyumba, na kila kitu kilicho juu yake kinatumia jina hilo tu.

## Uwe na nini kabla ya kuanza

Seva yenye Ubuntu, Debian, Rocky au AlmaLinux, pamoja na ruhusa ya root.

Njia mbili za kweli. Kadi mbili za mtandao, swichi mbili, kila njia na mtandao wake wa IP. Nimeona kebo mbili zikichomekwa kwenye swichi moja na watu wakaita hiyo njia mbili. Radi za masika huku kwetu haziangalii idadi ya kebo: swichi ikiungua, zote mbili zimekufa.

Bakapu ambayo umeshajaribu kuirejesha.

Daftari au jedwali la kuandikia WWID, jina la diski na kazi yake. Usilidharau. Siku utakapokuwa likizo Kyela na mwenzako yuko peke yake mbele ya seva, daftari hilo ndilo litakalomwokoa.

Kama huna storeji ya kufanyia mazoezi, laptop ya GB 8 na VirtualBox vinatosha. Tengeneza mashine pepe mbili, kila moja iwe na kadi mbili za mtandao wa ndani. Ya kwanza iwekee `targetcli` ili iwe storeji ya iSCSI (SCSI inayopita kwenye mtandao wa kawaida), na ya pili iwe seva. Mifano yote hapa chini inatoka kwenye mpangilio huo, wenye njia mbili. Jina la seva utakaloliruhusu upande wa storeji liko kwenye `/etc/iscsi/initiatorname.iscsi`.

## Hatua

1. Fungua njia zote. Weka `open-iscsi` kwenye Ubuntu au Debian, au `iscsi-initiator-utils` kwenye Rocky na Alma. Kisha ulizia storeji kwa kila anwani, usiishie kwenye moja:

```
iscsiadm -m discovery -t sendtargets -p 10.10.1.5
iscsiadm -m discovery -t sendtargets -p 10.10.2.5
iscsiadm -m node --login
iscsiadm -m node -o update -n node.startup -v automatic
```

Mstari wa mwisho unafanya seva ijiunge yenyewe ikiwashwa. Wengi wanausahau, kwa sababu bila huo kila kitu kinafanya kazi vizuri mpaka siku umeme unakatika. Wenye Fibre Channel (mtandao maalumu wa storeji) hawahitaji hatua hii, zoning (ruhusa kwenye swichi ya nani amwone nani) ikiwa sahihi diski zinajitokeza zenyewe.

2. Soma WWID ya kila sd. Andika `lsblk` uone majina mapya, kisha:

```
/usr/lib/udev/scsi_id -g -u -d /dev/sdb
/usr/lib/udev/scsi_id -g -u -d /dev/sdc
```

Zote mbili zikitoa mfano `360014054f2b7c1d9e3a4b588c6d21f0a`, hiyo ni diski moja kwa njia mbili. Tarakimu ya kwanza, 3, imewekwa na `scsi_id` yenyewe kuonyesha aina ya utambulisho. Zinazofuata ndizo namba ya diski. Diski zinazotengenezwa na `targetcli` huanza na 36001405, kwa hiyo utazizoea haraka.

Angalia na diski ya ndani ya seva, yenye mfumo wenyewe, ambayo mara nyingi ni sda. WWID yake iandike kando. Hiyo hatutaki iguswe.

3. Weka programu na uandike jina. `apt install multipath-tools`, au `dnf install device-mapper-multipath` ikifuatiwa na `mpathconf --enable`. Kisha fungua `/etc/multipath.conf`. Tuseme seva ni ya AMCOS (ushirika wa wakulima) ya kahawa kule Mbozi, na diski hii itabeba hesabu za wakulima:

```
defaults {
    user_friendly_names yes
    find_multipaths yes
}
multipaths {
    multipath {
        wwid  360014054f2b7c1d9e3a4b588c6d21f0a
        alias kahawa_hesabu
    }
}
```

Mstari wa `user_friendly_names` unazipa diski majina kama mpatha na mpathb badala ya WWID ndefu. Majina hayo huhifadhiwa kwenye `/etc/multipath/bindings`, na kila seva ina faili lake. Hapo ndipo wenye seva mbili kwenye storeji moja wanapoumia: diski inayoitwa mpatha kwenye seva ya kwanza inaweza kuwa mpathc kwenye ya pili. Mtu anafuta mpatha akidhani ni ileile, kumbe ni ya wengine. Kwa hiyo kila diski yenye data iandikie lakabu kwenye `alias`, na sehemu hiyo ya faili iwe sawasawa kwenye seva zote.

Kuhusu kuchagua lakabu, nina msimamo. Iite diski kwa kazi yake, kwa herufi ndogo, bila nafasi. Usiiite mpathb wala sdb, kwa sababu majina hayo yanaweza kugongana na yale yanayotolewa kiotomatiki. Usiimalizie kwa namba pia, maana ukiigawa partisheni utapata majina yanayochanganya macho saa nane usiku.

Nayo `find_multipaths yes` inafanya kifaa cha juu kijengwe tu pale ambapo WWID ileile imeonekana kwa njia mbili au zaidi, au pale ambapo WWID hiyo imeshaandikishwa kwenye `/etc/multipath/wwids`. Ndiyo inayoiacha diski yako ya ndani salama.

4. Washa na usome matokeo.

```
systemctl enable --now multipathd
multipathd reconfigure
multipath -ll
```

Utaona kitu kama hiki:

```
kahawa_hesabu (360014054f2b7c1d9e3a4b588c6d21f0a) dm-0 LIO-ORG,disk1
size=10G features='0' hwhandler='1 alua' wp=rw
|-+- policy='service-time 0' prio=50 status=active
| `- 2:0:0:0 sdb 8:16 active ready running
`-+- policy='service-time 0' prio=50 status=enabled
  `- 3:0:0:0 sdc 8:32 active ready running
```

Tuliza macho hapa, kwa sababu majina yote ya diski hii yamekutana kwenye mistari hii michache. `kahawa_hesabu` ni lakabu uliyoiandika. Ndani ya mabano ni WWID. `dm-0` ni jina la kerneli kwa kifaa cha juu. `2:0:0:0` ni anwani ya njia: namba ya adapta, chaneli, shabaha, na LUN (namba ya diski ndani ya storeji). `sdb` ni jina la njia, na `8:16` ni jozi ya namba ambayo kerneli yenyewe huitumia kukitambua kifaa. Makundi ya njia yanaweza kupangwa tofauti kidogo kulingana na toleo, usishtuke. Maneno unayoyatafuta mwishoni mwa kila njia ni `active ready running`. Njia ikisema `failed faulty`, imekufa.

Kwenye storeji kubwa yenye ALUA (utaratibu wa storeji kusema njia ipi ni bora) utakuta kundi moja lina prio=50 na jingine prio=10. Hilo si kosa. Njia za prio=50 zinapita kwenye kontrola inayoimiliki diski, na za prio=10 zinapita kwa jirani yake, zikisubiri zamu.

5. Fuatilia jinsi kerneli inavyoiwakilisha. Fanya hii mara moja kwa mikono yako, mambo yatakaa kichwani:

```
ls -l /dev/mapper/kahawa_hesabu
ls /sys/block/dm-0/slaves
ls /sys/block/sdb/holders
cat /sys/block/dm-0/dm/uuid
```

Ya kwanza inaonyesha kwamba lakabu ni kiungo tu kinachoelekea dm-0. Ya pili inataja sdb na sdc. Ya tatu inakuambia sdb imeshikwa na dm-0. Ya nne inatoa `mpath-` ikifuatiwa na WWID, na hapo unaona jina ambalo kerneli inalibeba ndani yake hata ukibadilisha lakabu.

Sasa, jina lipi litumike wapi? `/dev/sdb` usilitumie kwa data, hata siku moja. `/dev/dm-0` nalo usiliandike kwenye faili lolote: namba hiyo hutolewa kwa foleni kama herufi za sd, na LVM (programu ya kuunganisha na kugawa nafasi za diski) nayo huchukua namba kwenye foleni hiyohiyo. Tumia `/dev/mapper/kahawa_hesabu`. Kwa skripti zinazozunguka seva nyingi tumia `/dev/disk/by-id/dm-uuid-mpath-360014…`, kwa sababu kiungo hicho hakiwezi kuelekea njia moja moja, kinaonekana tu kifaa cha juu kikiwa kimejengwa.

Wengi hukimbilia UUID (namba ya utambulisho) ya mfumo wa mafaili wakidhani wamemaliza. Fikiri kidogo: UUID imeandikwa ndani ya diski, na njia zote zinasoma diski ileile, kwa hiyo sdb na sdc zote zina UUID moja. Seva ikiwaka na multipathd ikachelewa, mount kwa UUID inaweza kuishika sdb peke yake. Utafanya kazi miezi bila kujua, mpaka kebo hiyo ichomolewe.

6. Weka mfumo wa mafaili juu ya lakabu.

```
mkfs.xfs /dev/mapper/kahawa_hesabu
mkdir -p /data
```

Kwenye fstab:

```
/dev/mapper/kahawa_hesabu  /data  xfs  defaults,_netdev,nofail  0 0
```

`_netdev` inasubirisha mount mpaka mtandao uwe tayari. `nofail` inazuia seva isikwame kwenye hali ya dharura storeji ikiwa bado haijaamka.

Ukitumia LVM, fanya `pvcreate /dev/mapper/kahawa_hesabu`, na uhakikishe `multipath_component_detection` ndani ya `lvm.conf` haijazimwa. Ukiigawa partisheni, majina yanategemea mfumo: Ubuntu na Debian hutoa `kahawa_hesabu-part1`, familia ya Red Hat (Rocky na Alma zimo) hutoa `kahawa_hesabu1`. Mimi siigawi. Diski ya storeji yenye kazi moja haihitaji partisheni, na siku ya kuiongeza ukubwa utashukuru.

Tahadhari ya nguvu: njia nyingi hazimaanishi seva nyingi. Ukiimount diski hii ya xfs au ext4 kwenye seva mbili kwa wakati mmoja, data itaharibika, na multipath haitakuzuia.

7. Jenga upya initramfs (mfumo mdogo unaowaka kabla ya mfumo wenyewe). Ubuntu na Debian: `update-initramfs -u -k all`. Rocky na Alma: `dracut -f`. Ni lazima kama seva inawaka kutoka kwenye storeji yenyewe. Hapo Debian na Ubuntu huhitaji pia `multipath-tools-boot`, na dracut iongezewe `--add multipath`. Initramfs inaweza kubeba nakala yake ya multipath.conf, na nakala ikiwa ya zamani, diski itaamka na jina la zamani.

8. Ijaribu kabla watu hawajaanza kuitumia. Nakili faili kubwa kwenda `/data`, na likiwa linaendelea zima njia moja kwa `ip link set` au chomoa kebo. Kunakili kunaweza kusita kidogo, kisha kuendelea. `multipath -ll` itaonyesha njia moja imekufa. Irudishe, usubiri sekunde chache, ione ikirudi. Fanya hivyo kwa njia ya pili pia, maana njia ambayo haijawahi kujaribiwa huwa ndiyo mbovu. Mwisho washa upya seva. Herufi za sd zinaweza kuwa zimebadilishana. Lakabu iko palepale.

## Kama diski zako ni NVMe kupitia mtandao

NVMe ni lugha nyingine ya diski badala ya SCSI, hivyo utaratibu ni mwingine. Tangu kerneli 4.15 ya mwaka 2018, NVMe ina uwezo wa njia nyingi ndani yake yenyewe. Unaona `/dev/nvme0n1` moja tu, na njia zimefichwa kwa majina kama nvme0c0n1 na nvme0c1n1. Angalia `cat /sys/module/nvme_core/parameters/multipath`. Ikijibu Y, usiweke multipath.conf juu yake, ziangalie njia kwa `nvme list-subsys`. Namba za nvme0 na nvme1 nazo hazina uhakika, hivyo tumia majina ya `/dev/disk/by-id/`.

## Ikikwama

`multipath -ll` haionyeshi chochote. Endesha `multipath -v3` na utafute WWID yako kwenye maelezo. Mara nyingi utakuta njia moja tu imeonekana, basi rudi hatua ya 1. Nyingine ni kwamba diski imezuiwa na sehemu ya `blacklist`.

`mkfs` inasema sdb inatumika. Vizuri, kinga inafanya kazi: sdb imeshikwa na dm-0. Tumia lakabu.

Diski ya VMware haitoi WWID. Zima mashine pepe, weka `disk.EnableUUID` iwe TRUE kwenye mipangilio yake, uiwashe tena.

Lakabu haijashika. Andika `multipath -t` uone mipangilio inayosomwa kweli. Mara nyingi ni mabano ya `}` yaliyopotea au WWID iliyopungua tarakimu. Ukisharekebisha, `multipathd reconfigure`.

LVM inalalamika kuhusu PV (diski zilizokabidhiwa LVM) zilizojirudia. LVM imeziona njia kabla multipath haijazishika. Rudia hatua ya 7, na kwenye Red Hat 9 na ndugu zake kagua `/etc/lvm/devices/system.devices` kama imeandikwa sdb badala ya lakabu.

Njia ikifa, kila kitu kinasimama kama dakika mbili. Kagua `node.session.timeo.replacement_timeout`. Thamani ya kawaida ya open-iscsi ni sekunde 120. Kwa njia nyingi ishushe hadi 15 au chini, kisha toka na uingie tena kwenye storeji.

Njia zote zimekufa na programu zimeganda, hata `kill -9` haisaidii. Angalia kama `features` inasema `queue_if_no_path`. Hapo kerneli inashikilia maombi yote ya kusoma na kuandika ikisubiri njia, hata milele. Napendelea `no_path_retry 12`. Multipathd ikikagua kila sekunde 5, hiyo ni kama dakika moja ya subira, kisha programu inapata jibu la kosa.

Umeme umerudi, seva imewaka, `/data` ni tupu. Seva imeamka kabla ya storeji. Usiruhusu mtu aandike chochote kwenye folda hiyo. Subiri storeji iwe tayari, kisha `iscsiadm -m node --login`, hakikisha kwa `multipath -ll`, ndipo `mount -a`. Mkiwasha kwa mikono, zianze swichi, ifuate storeji, seva iwe ya mwisho.

Diski imeongezwa ukubwa lakini Linux haioni. Andika `echo 1 > /sys/block/sdb/device/rescan` kwa kila njia, zote bila kuacha moja, kisha `multipathd resize map kahawa_hesabu`, na mwisho `xfs_growfs /data`.

Unataka kuiondoa diski. Fuata mpangilio huu: `umount`, ondoa mstari wa fstab, `multipath -f kahawa_hesabu`, kisha `echo 1 > /sys/block/sdb/device/delete` kwa kila njia, na hapo tu ndipo uiondoe upande wa storeji. Ukianzia kwenye storeji, vifaa vya sd vinabaki mizimu ndani ya kerneli. Mtu akitengeneza diski mpya na kuipa namba ileile ya LUN, sd ya zamani inaweza kuielekea diski hiyo mpya ikiwa bado na jina la ile ya zamani.